Nimejenga kimbilio la mwani juu ya tangi dogo la maji ya bahari hapa Kigoma: maji yanashuka yenyewe

#1 Mwisho wa Reli (Kigoma)

Wakuu, habari za jioni. Kuna ndugu alinitumia ujumbe akiuliza kama mtu anaweza kufuga samaki wa bahari huku kwetu bila kumaliza mshahara kwenye chumvi. Nilimjibu kwa mistari miwili, halafu usiku nikajilaumu, maana mimi mwenyewe jambo hili limenichukua karibu mwaka mzima, na maji yameshanimwagikia sebuleni. Ngoja niliweke lote hapa, anayetaka kujenga asianzie nilipoanzia mimi.

Tangi langu ni dogo, sentimita 60 kwa 30, kimo 36. Ndani wamo samaki wawili wa aina ya Amphiprion akallopisos, wale wa rangi ya chungwa iliyofifia wenye mstari mweupe unaopita juu ya mgongo, wanaopatikana pwani yetu. Wamo pia konokono saba na kaa wadogo wanaohamahama na makombe. Maji yote, pamoja na ya chombo cha juu, ni kama lita 60.

Shida ya tangi dogo ni uchafu usio na pa kwenda. Samaki anakula, anatoa amonia. Bakteria wanaigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Nitrati ndiyo inabaki na kujikusanya wiki hadi wiki, na pamoja nayo fosfati inayotoka kwenye chakula. Dawa ya kawaida ni kumwaga maji na kuweka mapya. Aliye Dar anaweza kufanya hivyo bila kufikiri sana. Hapa kwetu chumvi ya akwariamu inaagizwa, inasafiri zaidi ya kilomita 1,200, na ndoo moja ya lita 20 inakula karibu gramu 750. Nilipiga hesabu ya mwezi nikaona nitashindwa.

Ndipo nikasoma kuhusu refujiamu. Mimi naiita kimbilio, kwa kuwa ndiyo maana yake: mahali ambapo viumbe dhaifu wanajificha wasiliwe. Ni chombo cha pili chenye maji yale yale ya tangi, ndani yake unaotesha mwani chini ya taa. Mwani unajenga mwili wake kwa nitrati na fosfati. Ukikua unauvuna kwa mkono, unautoa nje, na uchafu umetoka pamoja nao. Humo humo vidudu wadogo, kopepodi na amfipodi, wanazaliana kwa amani, wengine wanashuka kwenye tangi na kuwa chakula hai.

Kimbilio langu la kwanza niliweka chini, ndani ya kabati la tangi. Maji yalishuka kwa mpira uliopita juu ya ukingo wa kioo, mtindo ule madereva wanavyovuta petroli, na pampu ya chini ikayarudisha juu. Wiki tatu mambo yalikuwa safi. Usiku mmoja umeme ukakatika, mpira ukaingia hewa. Saa nane na nusu umeme ukarudi. Pampu ikaanza kupandisha kama kawaida, lakini mpira ulikuwa hauvuti tena, kwa hiyo hakuna kilichoshuka. Nilichoamka nacho ni sauti ya maji yanayodondoka kwenye sementi. Lita kumi na kitu za maji ya chumvi zilikuwa chini ya kochi, na ekstensheni yangu ilikuwa imelala humo humo. Namshukuru Mungu niliwaza swichi kubwa kabla ya kukanyaga.

Asubuhi yake nilikaa na karatasi nikajiuliza maswali mawili. Umeme ukikatika, kila lita itakwenda wapi? Na bomba la kushushia likiziba, pampu itapandisha lita ngapi kabla ya kuishiwa? Chombo kilichonijibu yote mawili vizuri ni kile kinachokaa juu ya tangi. Pampu ndogo inapandisha, maji yanarudi kwa uzito wake. Vidudu nao wanashuka na maji bila kupita kwenye panga la pampu.

Vipimo naleta kesho, nimeshaviandika kwenye daftari.

#2 Mwalo Kibirizi

Hongera mkuu. Ila nina swali na naliuliza kwa moyo mmoja. Sisi tuko kando ya ziwa lenye samaki ambao watu wanapanda ndege toka Ulaya kuja kuwatazama. Kwa nini uhangaike na bahari?

#3 Mwisho wa Reli

Kaka, swali lako ni halali na mimi sina ugomvi na ziwa. Tangi la pili hapo kwangu ni la samaki wa ziwani, nalipenda vilevile.

Lakini nikiwa darasa la nne tulikuwa tukienda ufukweni Ujiji kuokota makombe ya konokono. Umeyaona: mazito, yana mikunjo na ncha, ukimpa mtu wa pwani hatasita kusema yametoka baharini. Miaka ya 1890 alikuja mtaalamu wa Kiingereza, J. E. S. Moore, akayatazama makombe hayo pamoja na yule kiumbe laini kama mwavuli anayeelea ziwani, Limnocnida tanganyicae, akaamini kwamba Tanganyika iliwahi kuungana na bahari. Waliofuata walionyesha kwamba haikuwa hivyo. Ziwa ni la Bonde la Ufa, na konokono wake wamepata maumbo yale humu humu ndani. Sawa. Lakini mimi nilishaanza kuiwaza bahari nikiwa na kombe la Ujiji mkononi, na wazo hilo halikunitoka hadi leo.

#4 Mwisho wa Reli

Naendelea na ujenzi.

Sikutumia kioo kwenye kimbilio. Fundi vioo wangu anakata na kugundisha vizuri sana, ila biti ya almasi ya kutobolea tundu kubwa hatukuipata mjini, nami sikutaka apasue kioo kwa kubahatisha. Nilichukua dishi la plastiki nene la pembe nne, aina ya kuhifadhia unga, sentimita 40 kwa 20, kimo 25. Plastiki inatoboka kwa dakika mbili kwa ule msumeno wa duara unaofungwa kwenye drili. Ubaya wake, ukijaza maji kuta zinafura kama shavu. Seremala akanitengenezea fremu ya mninga inayoibana katikati, na rafu ya mninga nyuma ya tangi inayolibeba, kitako cha dishi kikiwa sentimita tano juu ya ukingo wa tangi. Rafu ifungwe kwenye ukuta kwa skrubu za kweli. Dishi lenye maji, mchanga na mawe halipungui kilo 15, na liko juu ya kioo.

Tundu nimelitoboa ubavuni, katikati yake ikiwa sentimita 17 toka chini. Hapo nimefunga tenki konekta ya plastiki ya inchi moja, ile ile ya simtanki, raba ikiwa upande wa ndani. Kwa nje kuna elbo na bomba la PVC linaloshuka hadi sentimita mbili chini ya uso wa maji ya tangi, ili lisirushe matone. Kwa ndani kuna elbo nyingine inayotazama chini, na kwenye mdomo wake kipande cha bomba cha sentimita 10 nilichokichana mistari kwa msumeno wa chuma, kila mstari upana wa milimita tatu. Hicho ndicho chujio. Mistari ikiwa mirefu, mwani ukiziba sehemu moja maji yanapita nyingine.

Sasa sikilizeni sehemu hii vizuri, maana ndiyo iliyonifanya nifungue uzi.

Kimo cha maji kwenye dishi kinapangwa na tundu, hakipangwi na pampu. Maji yanasimama sentimita 16. Kila sentimita moja ya dishi ni lita 0.8 (40 mara 20, gawa kwa 1,000). Kila sentimita moja ya tangi ni lita 1.8. Umeme ukikatika, kinachoshuka ni yale maji kidogo yaliyo juu ya mdomo wa tundu na yaliyo ndani ya mpira. Kwangu hayafiki lita moja, tangi linapanda nusu sentimita tu. Nimeliacha sentimita tatu wazi juu, kwa hiyo nalala.

Lakini mpira wa pampu nao unaweza kukusaliti. Ukiuzamisha mdomo wake ndani ya dishi, pampu ikizima, maji yanarudi kwa mpira ule ule hadi dishi lifike ulipo mdomo. Mdomo wa mpira wangu unaishia sentimita moja juu ya maji. Wengine wanauzamisha na kutoboa kitundu juu kidogo ya uso wa maji ili uvute hewa. Inafanya kazi, ila kitundu hicho huziba kwa chumvi na mwani, na siku kimeziba hutajua hadi siku umeme umekatika.

Swali la pili, bomba likiziba. Pampu nimeibandika juu kwenye tangi, mdomo wake wa kunyonya ukiwa sentimita tatu tu chini ya uso wa maji. Ikitokea kuziba, inaweza kunyonya sentimita tatu mara 1.8, yaani lita 5.4, kisha inavuta hewa na kupiga kelele. Dishi lina sentimita tisa wazi juu ya maji, sawa na lita 7.2. Kwa hiyo linapokea zote 5.4 na bado nafasi inabaki. Ningeiweka pampu chini kabisa ya tangi, ingemwaga karibu maji yote sakafuni na samaki wangebaki wanatapatapa kwenye mchanga.

Kabla ya kuweka chumvi wala samaki, beba vyote nje uani, jaza maji ya kawaida, halafu jaribu mwenyewe. Chomoa pampu, weka alama ya wino maji yalipofika. Kisha ichomeke tena, ziba bomba kwa kitambaa, simama hapo na utazame hadi pampu ivute hewa. Mimi nilifanya mara tatu, mke wangu akishika saa.

#5 Fundi Bomba TBR

Habari ndugu yangu wa Kigoma. Mimi ni fundi mabomba, Tabora. Kazi ni safi, nimeielewa hata bila picha. Ila naona inchi moja ni kubwa mno kwa pampu hiyo, nusu inchi ingetosha. Na kwenye bomba la kushusha ungeweka koki ungeweza kupanga kimo cha maji upendavyo. Koki ya shaba inadumu kuliko ya plastiki.

#6 Mwisho wa Reli

Fundi, salama kabisa. Nakuheshimu kwenye kazi yako, lakini hapa naomba tupishane, na sababu ninazo.

Nusu inchi ingepitisha maji hayo, kweli. Ila haya si maji matupu, yana mwani ndani. Unyuzi mmoja ukikaa vibaya kwenye elbo ya nusu inchi, kesho wa pili unaushika, keshokutwa umeziba. Bomba la kushushia siku zote liwe kubwa kuliko unavyohitaji. Koki kwenye bomba hilo nayo ni mlango wa kuziba, na ukiigusa kidogo tu maji yanapanda dishini. Ukitaka kupunguza mtiririko, punguza upande wa kupandisha. Pampu yangu ina kile kiduara cha kupunguzia. Nimeirekebisha hadi jagi la lita moja linajaa kwa sekunde 40, yaani lita 90 kwa saa, karibu mara saba ya maji ya dishi. Inatosha.

Shaba ndiyo usiilete kabisa. Kwa maji ya nyumbani haina neno. Kwenye chumvi inaliwa taratibu na kuingia kwenye maji, na konokono na kaa hawaivumilii hata ikiwa kidogo sana. Koki, skrubu, klipu, chochote kinachogusa maji kiwe plastiki.

Jambo moja nililisahau: kelele. Siku mbili za kwanza bomba lilikuwa linakoroma. Maji yanajaa, yanavutwa kwa kishindo, yanaisha, linanyamaza, linaanza tena. Elbo ya ndani inayotazama chini ilikuwa inafanya kazi ya ule mpira wa petroli. Nilichukua sindano ya kushonea, nikaichoma kwenye mshumaa hadi ikawa nyekundu, nikatoboa mgongo wa elbo pale juu kabisa. Ikapungua. Nikapanua kidogo, ikapungua tena. Kitundu kilipofika unene wa njiti ya kiberiti, bomba likanyamaza, na maji sasa yanateleza ubavuni mwake bila sauti. Ukipanua kidogo kidogo unapata unachotaka. Ukitoboa kubwa mara moja huwezi kurudi nyuma.

#7 Fundi Bomba TBR

Nimekuelewa. Hilo la kitundu cha hewa ni sawa na bomba la hewa la choo, nilipaswa kuliona. Endelea.

#8 Mama wa Gungu

Mwanangu, nimesoma yote. Mjukuu wangu yuko kidato cha tatu, anataka kufanya hili kwa mradi wa shule. Umesema chumvi inatoka mbali. Chumvi ya Uvinza si ipo hapa hapa mkoani kwetu? Mbona isitumike?

#9 Mwisho wa Reli

Shikamoo mama. Nami nililiwaza hilo siku ya kwanza, maana Uvinza watu wamechemsha maji ya chemchemi na kupata chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Tatizo ni kwamba chumvi ya kula ni sodiamu na kloridi. Maji ya bahari yana gramu 35 za chumvi kwa kila kilo, na ndani ya hizo 35, kloridi ni kama 19 na sodiamu kama 11. Zinazobaki ndizo zenye kazi: salfati gramu 2.7, magnesiamu 1.3, kalsiamu 0.4, potasiamu 0.4, na vingine kwa uchache. Konokono anajenga ganda kwa kalsiamu. Magnesiamu ikipungua, kalsiamu haitulii kwenye maji. Ukimweka samaki wa bahari kwenye chumvi ya jikoni unamwekea maji yenye ladha ya bahari lakini yenye njaa. Tena chumvi ya dukani imeongezwa madini joto kwa ajili yetu sisi binadamu. Mjukuu anunue mfuko mdogo wa chumvi ya akwariamu, tangi lake liwe dogo, na kimbilio limsaidie kuutumia taratibu. Kipimo chake ni uzito wa maji 1.026, yaani mara 1.026 ya uzito wa maji yasiyo na chumvi, kwenye nyuzi joto 25. Apate refraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi ya maji. Kuonja kwa ulimi hakutoshi.

Na kuhusu maji yenyewe, mama, naomba mjukuu asome hapa chini mara mbili, kwa sababu kosa hili karibu liniulie tangi.

Maji yakipaa kwenye tangi, chumvi haipai. Kwa hiyo kila siku unarudishia maji baridi yasiyo na chumvi. Kwangu kiangazi, Juni hadi Septemba, inapungua kama lita moja kwa siku. Kwa kuwa kimo cha dishi kimefungwa na tundu, upungufu wote unaonekana kwenye tangi la chini: lita moja ni zaidi kidogo ya nusu sentimita. Pampu yangu iko sentimita tatu chini, kwa hiyo nisiporudishia siku tano inaanza kuvuta hewa.

Nilikuwa narudishia maji ya bomba niliyoyalaza kwenye ndoo siku mbili klorini itoke. Yalionekana masafi, tunakunywa hayo hayo. Wiki ya sita nikaona ukoko mweupe kwenye hita, mgumu kama ule wa ndani ya birika. Maji yakawa na ukungu asubuhi. Nikasafiri kwenda Kasulu msibani, nikarudi siku ya tatu, nikakuta pampu imesimama: panga lake limeganda kwenye ukoko ule ule.

Nikapima ualkali, yaani wingi wa kabonati kwenye maji, ambao kipimo chake huandikwa dKH. Nilianza na dKH 8, sasa 14. Nikapima maji ya bomba: 17. Hapo nikaelewa. Maji ya mjini yanatoka ziwani, na Ziwa Tanganyika lina ualkali mkubwa mno, pH yake inakaribia 9. Kwa samaki wa ziwa ndiyo uhai wao. Lakini nilikuwa natia lita moja ya 17 kwenye lita 60 kila siku. Gawanya: karibu 0.28 kwa siku, zaidi ya 8 kwa mwezi, kwa sababu maji yanapaa na ualkali unabaki. Ulipozidi, ukashikana na kalsiamu na kuganda kuwa chokaa palipo na joto, yaani kwenye hita na pampu.

Lakini hebu tazameni kilichotokea kwa chombo. Pampu ilikufa nikiwa mbali, na hakuna tone lililomwagika. Dishi lilibaki na maji yake sentimita 16, mwani ukiwa kijani, taa ikiwaka kwa saa yake. Kwenye tangi la chini bado kulikuwa na pampu ndogo ya hewa. Samaki wote wazima. Lile kabati la chini lingenifanyia nini siku hizo tatu, sipendi kuwaza.

Sasa natumia maji ya mvua. Sikingi kwenye bati, kwa kuwa bati lina zinki na zinki ni sumu kwa konokono. Masika natandika turubai jipya uani, naiacha mvua ioshe kwa robo saa, ndipo nakinga kwenye madumu. Madumu sita yananivusha kiangazi. Yakiisha nanunua maji ya betri, na hapo muwe waangalifu: kuna chupa za maji yaliyochemshwa na kuvunwa mvuke, na kuna chupa za asidi, zinakaa rafu moja. Soma lebo, muulize muuzaji, pima pH kabla.

Panga la pampu lilipona. Nilililoweka kwenye siki usiku kucha, ukoko ukatoka wote.

#10 Mama wa Gungu

Marahaba mwanangu. Amesoma. Ameniuliza kama nina turubai jipya.

#11 Mpwani Tanga

Mkuu hujasema ni mwani gani. Huku kwetu wanalima spinosum na cottonii, unaupata kwa kilo. Na ukitembea maji yakitoka unaona ule wa majani kama manyoya au zabibu, Caulerpa. Huo unakua haraka kuliko yote. Kwa nini usiutumie?

#12 Mwisho wa Reli

Ndugu wa Tanga, wewe uko penye chanzo, una bahati.

Mwani wa kulima nilijaribu. Unataka mawimbi na jua la wazi, dishini kwangu ulififia ukawa mweupe kwenye ncha, ukaanza kuoza wiki ya pili. Caulerpa nilikuwa nao mwezi mmoja. Kweli unakua haraka. Lakini una tabia ya kuzaa wote kwa mkupuo: unamwaga mbegu zake ndani ya maji, majani yanabaki ngozi tupu ya kioo, na kila ulichokula unakirudisha kwenye maji kwa usiku mmoja. Baharini hilo si kitu. Kwenye lita 60 ni hatari. Wanaoutumia huiacha taa iwake saa 24 na kuuvuna mara kwa mara ili kuuzuia. Mimi niliutoa.

Ninaoutumia ni Chaetomorpha, ule wa nyuzi ngumu zilizosokotana kama steeli waya ya kusugulia sufuria. Haushiki mawe, hauna mizizi, unaelea kama bonge. Ukilifinya mkononi linarudi umbo lake. Nilianza na bonge la ukubwa wa chungwa, baada ya wiki saba lilijaza dishi hadi likawa linagusa chujio. Navuna nusu kila baada ya wiki tatu, naikung'uta kwanza kwenye ndoo ya maji ya tangi ili vidudu wabaki, halafu nautupa kwenye migomba baada ya kuusuuza chumvi.

Taa ni balbu ya LED ya wati 10, nyeupe, ya duka lolote la umeme. Naiwasha saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi, tangi kubwa likiwa gizani. Sababu ni pH. Usiku viumbe wanapumua tu, kabonidaioksaidi inaongezeka na pH inashuka. Mwani ukiwa kwenye mwanga saa hizo unaimeza. Kabla ya kupanga hivyo pH yangu alfajiri ilikuwa 7.8, sasa haishuki chini ya 8.1.

Na tafadhali, Mpwani, mtu akikuomba umtumie matumbawe hai, mkatalie. Ni kosa kisheria, na mwamba unachukua miaka mingi kujijenga. Mawe yangu ni ya chokaa ya matumbawe ya kale, yale yanayochimbwa nchi kavu, niliyaloweka mwezi mzima. Mwani na kiganja kimoja cha mchanga wenye vidudu vinatosha kuanzisha uhai.

#13 Mwalo Kibirizi

Nitrati yenyewe imeshuka kweli? Hilo ndilo nataka kulijua.

#14 Mwisho wa Reli

Kaka, daftari liko mbele yangu. Kabla ya kimbilio, nikibadilisha lita 10 kila wiki, nitrati ilikuwa inacheza kwenye miligramu 40 kwa lita. Mwezi wa kwanza na mwani haikubadilika, nikakata tamaa kidogo. Mwezi wa pili 25. Mwezi wa tatu 10, na imekaa hapo, huku nikibadilisha lita 10 mara moja tu kwa mwezi. Chumvi iliyokuwa ya mwezi mmoja sasa inanipa miezi minne. Sikubali kuacha kubadilisha kabisa, kwa kuwa mwani hauli kila kitu, na kalsiamu ya konokono inatoka kwenye chumvi mpya.

Usiku wa jana nilimulika dishi kwa tochi. Kioo, samahani, plastiki ya mbele ilikuwa imejaa amfipodi, wa urefu wa punje ya mchele iliyovunjika, wanatembea kwa ubavu. Mmoja akavutwa na maji, akapita kwenye mstari wa chujio, akaingia bombani. Nikashusha tochi haraka. Yule samaki jike, mkubwa, alikuwa amelala pembeni ya mdomo wa bomba. Akamdaka kabla hajafika kwenye mchanga.

#15 Fundi Bomba TBR

Nimejenga la kwangu juzi, dishi la 35 kwa 25, tangi la 50 kwa 30. Nimeweka inchi moja kama ulivyosema. Nimejaribu kuziba kwa kitambaa: maji yalifika ukingoni kabisa, yakamwagika kidogo kabla pampu haijavuta hewa. Dishi lina kimo 20, maji yanasimama 14. Nimekosea wapi?

#16 Mwisho wa Reli

Fundi, hongera kwa kujaribu kwa maji baridi kwanza. Hesabu yako hii hapa. Dishi: sentimita moja ni lita 0.875, nafasi wazi ni sentimita 6, yaani lita 5.25. Tangi: sentimita moja ni lita 1.5. Hujasema pampu iko chini kiasi gani, ila kama imemwagika basi ni zaidi ya sentimita 3.5. Ipandishe hadi 3, itanyonya lita 4.5 tu, na dishi litabaki na karibu sentimita moja wazi. Usiliguse tundu. Halafu rudia kitambaa, na safari hii usiondoke hadi usikie pampu ikivuta hewa.

#17 Fundi Bomba TBR

Ilikuwa 4. Naipandisha sasa hivi.